Mguu wa Kulia, Alhamisi Kuu

Mume wangu alikuwa analala na soksi. Anayeijua Kasese ataelewa nilichovumilia. Joto la kwetu halikuruhusu hata shuka, mabati yanabaki ya moto mpaka watu wamelala, na huyu bwana ananipandia kitandani na soksi nene za kijivu, amezivuta mpaka katikati ya muundi. Aliponioa nilidhani ni mambo ya watu wa milimani. Alikuwa Mkonzo wa Bugoye, bondeni kwa mto Mubuku, ambako maji yanashuka na baridi ya huko juu, nikasema labda hawa huzaliwa hivyo. Nilimtania miaka na miaka. Alikuwa anacheka na mimi, soksi zikiwa miguuni.

Mimi ni Mluhya. Baba yangu aliletwa huku na kazi ya mgodi wa shaba, mgodi ukafa, yeye akabaki, na sisi tukabaki naye. Mimi na mume wangu nyumbani tulisema Kiswahili kwa sababu Lhukonzo yangu ilikuwa ya kununulia mihogo tu, na Kiluhya chake kilikuwa sifuri kabisa. Na Kiswahili chenyewe alikiokota kwa wanajeshi na kwa wenzake wa kiwandani, kila kitu kwake ni "iko". Mimi iko sawa. Chakula iko wapi. Wewe iko na makelele mingi. Mwaka wa kwanza nilimsahihisha, mwaka wa pili nikachoka, baadaye nikaanza kukipenda. Siku hizi nikimsikia mtu sokoni anasema kwenye simu "mimi iko sawa", huwa nasimama kwanza mpaka amalize.

Kazi yake ilikuwa kwenye kiwanda cha saruji, upande wa tanuri, na buti za mpira tangu anapoingia mpaka anapotoka. Miguu ndani ya buti zile inapikwa. Akizivua, jasho unaweza kulimwaga nje. Fangasi ilianza katikati ya vidole, kitu cha kuwasha tu, kila mfanyakazi anacho, na nani atapanga foleni hospitali eti kwa sababu anawashwa? Ikashuka kwenye nyayo, ngozi ikapasuka na kutoa unga. Mwisho ikaingia kwenye kucha. Ukucha wa kidole gumba cha mguu wa kulia ndio uliokuwa mbaya kuliko zote: mnene, wa njano, umejikunja juu kama ganda la mhogo lililokauka, na chini yake kuna vitu vinavyobomoka. Haya yote niliyajua kwa kuchungulia anapooga. Nikiuliza, ananiambia nitoke.

Alijitibu mwenyewe kwa kila upuuzi aliosikia. Mafuta ya taa. Kitunguu saumu kilichotwangwa. Maji ya betri, ambayo yalimla ngozi na kuuacha ukucha vilevile. Krimu za dukani alimaliza tyubu juu ya tyubu, na ngozi ilikuwa inatulia kidogo, lakini krimu haipenyi ukucha uliokuwa mnene namna ile.

Kuna jambo jingine inafaa nilitaje hapa, la sivyo hayo yanayofuata hayataeleweka. Mume wangu alikuwa mlevi. Sisemi alikuwa anakunywa, nasema mlevi. Watu wa mtaa walimbeba mpaka mlangoni kwangu zaidi ya mara moja, na siku moja alianguka mbele ya kanisa watu wakitoka misa, nami nikiwa katikati ya wanakwaya wenzangu. Halafu akaacha. Hakuhubiri, hakuapa mbele ya mtu, aliacha tu, na badala ya kwenda kilabuni akaanza kwenda kusaidia ujenzi wa kigango chetu. Kuta zile alizipiga lipu karibu peke yake. Lakini ndani ya kanisa alikaa benchi la mwisho, karibu na mlango, miaka yote hiyo, kama mgeni.

Baada ya Krismasi moja, katikati ya ile miaka ya elfu mbili na kumi, kidole kilianza kumuuma. Akawa anachechemea. Mimi biashara yangu ilikuwa vitenge, navichukua Bwera siku za soko, vikivuka kutoka Kongo, na kuviuza Kasese. Mwenzangu mmoja wa sokoni akaniambia kuna kliniki ndogo Bwera, kuna daktari mwanamke anayeshughulika na ngozi. Nikamwambia mume wangu kwamba siku ya soko tunakwenda wote. Akasema iko na kazi. Nikamwambia kazi itakukuta umekatwa mguu. Tukaenda.

Daktari alikuwa msichana wa juzijuzi, lakini macho yake makali. Akamwambia avue soksi. Mume wangu akaniangalia mimi, akaangalia mlango, akaangalia mikono yake. Ungedhani ameambiwa avue suruali.

"Mficha uchi hazai, mzee," daktari akasema. "Vua."

Akavua. Daktari hakukunja pua. Alikwangua unga wa ukucha ule akautia kwenye kichupa upelekwe maabara, kwa sababu, alisema, si kila ukucha mbaya ni fangasi, na hawezi kumpa mtu vidonge vya miezi kwa kubahatisha. Halafu akaanza kumuuliza mambo ya pombe, kama macho yake yamewahi kuwa ya njano, dawa gani nyingine anazomeza, mitishamba gani, na akataka damu yake ipimwe ini. Nikamuuliza ini na kidole cha mguu vina undugu gani. Akanijibu kwa upole kwamba kidonge hakiendi moja kwa moja kidoleni, kinapitia kwenye ini kwanza, na kwa watu wengi ini halioni shida, lakini wapo wachache ambao ini lao huchoka. Ndiyo maana anapima kabla, na atapima tena katikati.

Siku ya soko iliyofuata majibu yalikuwa tayari. Fangasi kweli, na ini zima, sijui Mungu alililindaje. Akapewa vidonge: kimoja kwa siku, basi. Akisahau leo asimeze viwili kesho. Pombe asiguse. Asichanganye na dawa nyingine yoyote, hata ya kichwa, bila kuuliza. Na akiona hamu ya chakula imepotea, kichefuchefu, uchovu usioeleweka, mwili kuwasha, mkojo kuwa mweusi kama chai ya rangi, au macho kuwa ya njano, aache vidonge siku hiyohiyo na aje, asingoje tarehe. Aliyarudia mara mbili, mara ya pili akiniangalia mimi.

Neno la mwisho lilikuwa hili, na ninalikumbuka kama lilivyotoka kinywani mwake:

"Ukucha mbovu hauponi, mzee. Unasukumwa nje na ukucha mpya, na ukucha mpya hauna haraka. Vidonge utameza miezi mitatu, lakini mguu mzuri utauona karibu na Krismasi nyingine. Usinidai kabla."

Mume wangu akacheka. Njiani kurudi alikuwa mwepesi, hata akanunua mahindi ya kuchoma akanipa la kwangu. Na wiki zile za kwanza alikuwa mgonjwa mzuri kuliko wote niliowahi kuwaona. Baada ya chakula cha jioni anakuja, ananyoosha kiganja, mimi natoa kidonge kutoka kwenye pakiti na kukiweka pale, anakimeza na maji, kisha anavua soksi. Ndiyo, mbele yangu. Tunauangalia ukucha pamoja chini ya taa. Hakuna kilichobadilika, lakini tulikuwa tunaangalia, na mimi nilizipenda jioni zile kuliko nilivyomwambia.

Mambo yangebaki hivyo. Lakini muda mfupi kabla ya Kwaresima, jumuiya yetu ilikaa kuchagua mwanamume wa Alhamisi Kuu. Kwetu padri huosha miguu ya wanaume kumi na wawili, na kila jumuiya inatoa wake. Huwa wanachaguliwa watu wa maana, walimu, wenyeviti. Mwaka ule mama mmoja mzee, ambaye hata hatuelewani sana, akasimama akasema lipu ya kanisa hili ilipigwa na nani? Watu wakapiga makofi. Mume wangu aliangalia chini.

Mtu ambaye hajawahi kubebwa kutoka mtaroni mbele ya waumini wenzake hawezi kujua lile lilikuwa jambo gani. Kwake haikuwa heshima ya kanisa tu. Walikuwa wanamwambia kwamba wamesahau. Asingeweza kukataa, na kwa kweli mimi pia nisingemruhusu.

Basi katekista akawaita wale kumi na wawili akawapa utaratibu. Waje na malapa, si viatu, ili wasimcheleweshe padri. Mguu utakaooshwa ni wa kulia. Watakaa mbele, juu, wakiwatazama waumini. Mume wangu alirudi nyumbani akakaa kitandani.

"Mama," akaniambia, "mguu ya kulia ndio iko mbaya."

Nikamwambia padri ameona miguu mingi kuliko fundi viatu. Nikamwambia hata Petro alikuwa mvuvi, unadhani kucha zake zilikuwaje? Akatabasamu, nikadhani limekwisha. Nilimnunulia malapa mazuri ya ngozi Bwera. Akayapokea, akayaweka chini ya kitanda, na soksi zikarudi miguuni.

Vidonge vilipokaribia kuisha alikwenda Bwera peke yake kuchukua vingine. Mimi nilikuwa na msiba wa jirani. Kliniki alifika, vidonge akapata, akaambiwa arudi baada ya wiki chache kupimwa damu. Yote sawa. Lakini kutoka kliniki mpaka kwenye gari unapita sokoni, katikati ya pikipiki na wabadilisha pesa, na pale kuna akina mama wa Kongo wanaouza sabuni, losheni za kung'arisha uso, na vidonge vya kila namna, pakiti zake zimekatwa vipande vipande, bila boksi wala karatasi ya maelezo. Alikuja kunisimulia baadaye kabisa, akimwigiza yule mama sauti mpaka mimi mwenyewe nikacheka, na haikuwa siku ya kucheka. Alimwonyesha pakiti ya kliniki. Yule mama akaigeuza akamrudishia.

"Papa, hii ya munganga inatembeaka polepole. Hii yangu iko na nguvu. Kunywa mbili asubui, mbili mangaribi, Pasaka itakukuta uko muzuri."

Sina ugomvi naye. Alikuwa anauza alichokuwa nacho, kwa mtu aliyekuwa anatafuta kitu hichohicho. Mume wangu alivinunua, na hakuacha vile vya kwanza. Kila jioni aliendelea kuninyooshea kiganja kama kawaida.

Kisha ikaja Jumatano ya Majivu, tukaanza kufunga.

Nikiyakumbuka majuma yale nakasirika mpaka leo, na sijui nimkasirikie nani. Mume wangu alianza kwa kuacha chakula cha mchana kama sisi sote. Halafu akawa anagusa tu cha jioni. Nikikaanga samaki, harufu ya mafuta inamtoa nje. Mtu aliyekuwa anakula bundu, ule ugali wa mhogo, tonge kubwa kama ngumi, sasa anamega kidogo, anazungusha kwenye mchuzi, anaacha. Tukasema amefunga kweli mwaka huu. Jirani zangu walinionea wivu. Katekista alimtaja siku ya Njia ya Msalaba, hakumtaja jina, lakini kila mtu alijua: yupo baba mmoja kati yetu ambaye miaka ya nyuma kinywa chake hakikujua kusema basi, mtazameni leo. Nami nikakaa wima kwenye benchi, nikajisikia mke wa mtakatifu.

Akachoka. Akirudi kazini analala kabla ya jua kuzama. Tukasema ni saumu. Mwili ukaanza kumwasha, anajikuna mgongo kwenye mwimo wa mlango kama ng'ombe. Tukasema ni vumbi la saruji. Mkojo ukawa mweusi, hili alilijua yeye peke yake, akajiambia ni joto la tanuri na kutokunywa maji mchana. Maneno yote ya yule daktari yalikuwa yanatokea moja baada ya jingine, na kila moja lilipata jina la kanisani au la kiwandani. Siku ya kupimwa damu iliangukia wakati wa mazoezi ya wale kumi na wawili. Akasema ataenda baada ya Pasaka, kwa sababu Pasaka imekaribia na daktari hahami.

Na macho? Watu huniuliza, sasa wewe macho hukuyaona? Mtu unayeishi naye humwoni. Unaona shati kama ni chafu, unaona kama amenyoa. Nyumba yetu ilikuwa na balbu moja, na chini ya balbu ile hata kitambaa cheupe cha meza kilikuwa cha njano.

Alhamisi Kuu alivaa suruali nyeusi na shati jeupe nililolipiga pasi mara mbili. Miguu aliisugua kwa jiwe mpaka nikamwambia atabakiza mifupa. Ukucha ule aliukata na kuulainisha kwa tupa, akaupaka mafuta. Kanisani alivua soksi nje, mlangoni, akanipa mimi nizitie kwenye mkoba. Zilikuwa bado na joto lake.

Wakakaa mbele, kumi na wawili, miguu ya kulia imetangulia. Mume wangu alikuwa karibu na mwisho. Niliona anauficha ukucha kwa kidole cha mguu wa kushoto, kama mtoto. Padri wetu alikuwa mtu wa makamo mwenye magoti mabaya, kila akipiga goti anashikilia kiti. Alipofika kwake alimwaga maji, akafuta kwa taulo, akainama akabusu mguu kama alivyobusu ya wengine. Kisha, wakati anashika kiti ili ainuke, akamwangalia usoni. Akabaki amepiga goti. Kwaya tulikuwa tunaimba, nami nikaacha kuimba kwa sababu nilimwona padri anaweka mkono juu ya goti la mume wangu, anasema kitu, halafu anaendelea kwa mwingine.

Baada ya misa mume wangu alinijia uso unang'aa. Sijamwona na furaha namna ile hata siku ya harusi.

"Hakuangalia kucha," aliniambia. "Mama, hakuangalia hata kidogo."

Nikamuuliza padri alisema nini. Akasema, ah, aliuliza kama mimi iko mgonjwa, kwa sababu macho yangu iko kama ndizi. Alilisema hivyo, kama kichekesho. Mwanga wa jioni ulikuwa bado upo nje, nikamgeuza uso kwa mikono yangu mbele ya watu wote, nikaona.

Hatukurudi nyumbani. Padri mwenyewe alitutia kwenye gari lake mpaka hospitali, Kasese hapohapo. Daktari wa zamu aliuliza anameza nini. Nikatoa pakiti ya kliniki kwenye mkoba, ilikuwa pamoja na soksi. Akauliza, kuna kingine? Nikasema hakuna, nikaapa, nikasema mume wangu hagusi hata panadol bila mimi kujua. Mume wangu alikuwa amelala, anaangalia dari.

"Soksi," akasema. "Zile ya kahawia, nyumbani. Ndani."

Nilizikuta kwenye sanduku, zimekunjwa moja ndani ya nyingine kama nilivyozoea kuzikunja mimi, na katikati yake vipande vya pakiti za vidonge, vingi vimeshatobolewa. Daktari alipovitazama alikaa chini kwanza. Akanieleza kwamba vile vidonge vya sokoni ni dawa ya zamani ya fangasi, yenye nguvu kweli, na kwa sababu ya ini siku hizi hawampi mtu ameze kwa ajili ya ukucha. Vile vya kliniki peke yake, vikiangaliwa, huenda visingemfanya kitu. Lakini vyote pamoja, na vya sokoni kwa kipimo cha mtu asiyejua, na mtu mwenyewe anazidi kudhoofika huku kila mtu akimsifu aendelee, ini lilishindwa. Angekuja ishara ya kwanza ilipotokea, alisema, tungesimamisha dawa na ini huwa linajitengeneza. Aliposema hivyo nilianza kuhesabu kichwani ni lini alianza kukimbia harufu ya samaki, nikajikataza.

Walisimamisha kila kitu. Walimpa maji ya mshipa, wakapima damu tena na tena. Wakasema labda Kampala. Nikauliza Kampala wana nini, wakanijibu kwa haki kwamba kwa ini lililofika hapo hata Kampala hawana mengi. Mara akapata nafuu, mara akarudi nyuma. Yule daktari msichana wa Bwera alikuja kumwona siku yake ya mapumziko. Hakusema nilikwambia. Nilikuwa nimejiandaa kumrukia kama angesema.

Padri naye alikuja mara nyingi. Siku moja mume wangu akiwa amelala nilimwambia kisa chote, tangu soksi. Padri akasema, "Mama, kila mwaka naosha miguu iliyokwisha kuoshwa nyumbani. Ningefurahi mara moja tu nipewe mguu mchafu." Nilimwomba asimwambie mume wangu. Sijui kama nilifanya sawa, lakini nilihisi yatamuua kabla ya ini.

Wodini hakukuwa na soksi. Alikuwa na joto, anazikataa. Kwa hiyo miguu ilikuwa pale, nje ya shuka, siku baada ya siku, na mimi nikawa namkata kucha kila zinapohitaji kukatwa. Asubuhi moja nilikuwa nimeuinamia mguu wa kulia, nikaona kwenye mzizi wa ukucha wa kidole gumba kitu ambacho sikukielewa mara moja. Kuanzia kwenye ngozi, ukucha ulikuwa mwembamba, laini, wa waridi kama wa mtoto mchanga. Kisha ukafika mahali, na kuanzia hapo ukawa ule wa zamani, wa njano, mnene. Mpaka kati yao ulikuwa umenyooka kabisa.

Vile vidonge vya kwanza, vile vya polepole, vilikuwa vinafanya kazi wakati wote. Tulikuwa tunaangalia ncha, na kazi ilikuwa inafanyika kwenye mzizi.

Nilimwambia. Alitaka nimwinue aone. Nilimwegemeza kifuani kwangu, akautazama mguu wake mwenyewe muda mrefu, halafu akacheka kile kicheko chake cha puani. Tangu siku hiyo kila asubuhi swali lake la kwanza lilikuwa hilo.

"Imefika wapi?"

Namwambia imesogea. Ukweli ni kwamba ukucha hausogei kwa siku, huwezi kuuona, lakini nilimwambia umesogea, naye anasema, aya, iko sawa. Mwishoni hakuuliza tena maana alikuwa analala tu, hata mchana, na akiamka ananiita kwa jina la dada yake. Alikufa mvua za Mei zikinyesha, mimi nikiwa nimemshika mguu.

Tulimpeleka Bugoye. Wanaume walimwosha, kisha wakaniita mimi na mama mkwe wangu tulete nguo. Suti ilikuwepo, shati lilelile jeupe, tai ya shemeji. Mama mkwe alikuwa amekaa pembeni, akasema kwa sauti ndogo, bila kumlenga mtu, kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Nilitaka kumjibu vibaya, nikashindwa, kwa sababu alikuwa anamlilia mwanawe, na kwa sababu ni kweli. Shemeji yangu akanyoosha mkono akaniomba soksi. Mtu hazikwi bila soksi, alisema, na kwa marehemu hasa, wote walijua alivyozipenda.

Nilikuwa nazo mkobani, zile za kijivu za Alhamisi Kuu. Sikuwa nimezifua.

Nikasema soksi hapana. Shemeji akanitazama kama niliyechanganyikiwa, akaniambia polepole kwamba watu watapita kumuaga, wataona miguu yake. Nikamwambia waache waone. Nilifunua shuka mwenyewe, nikaupangusa mguu wa kulia kwa ncha ya kitenge changu, kidole gumba kikawa juu. Ukucha mpya ulikuwa umefika karibu nusu.